Mwalimu wa Picha na Mashujaa Wake wa Farasi

Mtu aliyenifundisha kuwapenda farasi hakuwa amewahi kumwona farasi hata mmoja. Kwetu Unyamwezini farasi hawaishi. Mbung'o huwamaliza kabla hawajazoea majani. Lakini sisi watoto wa shule yake, katika kijiji kimoja kaskazini ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, tulijua farasi anavyokunja shingo akiona moto, anavyopiga kwato juu ya daraja la mbao, anavyokataa kumwacha bwana wake aliyeanguka vitani. Yote hayo tuliyapata kwenye karatasi zake.

Tulimwita Mwalimu wa Picha. Jina alikuwa nalo, tena jina zuri la ubatizo, na kazi aliyoajiriwa ilikuwa kufundisha darasa la tatu na la nne. Ila hata mwalimu mkuu alimwita hivyo hivyo. Sitalitaja hilo jina. Utotoni sikulitaja kwa heshima. Siku hizi silitaji kwa sababu nyingine.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyoingia wino hadi kwenye kucha. Alipanda baiskeli ya kiume na kuvaa viatu vya kiume vya kamba, na mtu akimcheka alimwuliza kama anayo baiskeli ya kike ya kumpa. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya noti kuliko wote. Hakuchapa watoto. Ukichelewa, alikupa kioo kidogo na karatasi, ukae nyuma ya darasa uchore sikio lako mwenyewe mpaka lifanane. Nilikuwa mchelewaji. Nilichora masikio mengi.

Hadithi zake alizipata kwa padri mmoja mzee wa Kizungu aliyemfundisha alipokuwa msichana. Padri huyo alipenda kuwasimulia wasichana ngano za Ulaya ya kale, enzi za mashujaa waliovaa chuma mwili mzima, wakala kiapo mbele ya mfalme na kwenda kupambana na majitu, majambazi na tamaa zao wenyewe. Padri alikufa, hadithi zikabaki kichwani mwa Mwalimu wa Picha, na humo zikabadilika. Alizitia katika picha, moja baada ya nyingine, zenye maneno yanayotoka vinywani mwa watu kama povu. Alichora kwa kalamu ya chuma kwenye karatasi ya stensili, na Jumamosi akaenda misheni kuomba mashine ya kurudufia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Jumatatu alikuja na vijitabu vyembamba vinavyonuka wino. Tulivisoma hadi vikawa vitambaa.

Kila picha aliiita chumba. "Usimwingize mtu chumbani kama hana la kufanya humo," alituambia tulipojaribu kuchora za kwetu. Nilimchora shujaa amesimama tu, mzuri, upanga mkononi. Akauliza, "Huyu anasubiri nini? Basi?" Akanirudishia.

Maneno yalimhangaisha kuliko mistari. Chuma cha mwilini alikiita deraya, neno ambalo wengi wetu tulilisikia kwake mara ya kwanza. Kofia ya vita akaiita chapeo. Mfalme akamwita mtemi, kwa sababu, alisema, mtoto wa huku akisikia "mfalme" anawaza Biblia, lakini akisikia "mtemi" anakaa vizuri. Ngome zake zote zilifanana na boma la Wajerumani lililoko mjini, kwa kuwa hilo ndilo jengo alilolijua lenye ukuta wa vita. Msitu wa mashujaa ulikuwa miombo yetu, na mizinga ya nyuki ilining'inia kwenye matawi. Walipochoka walikunywa pombe ya asali.

Farasi wake wa kwanza walikuwa punda. Tulimwambia. "Mwalimu, huyu ni punda wa Mzee wa Maji." Hakukasirika. Jumamosi akapanda baiskeli hadi Tabora kwa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la nguo na chumvi karibu na soko. Jumatatu alituigizia mazungumzo yao, sauti zote mbili.

"Binti yangu, unataka kununua farasi?"

"Nataka kumchora, mzee."

"Babu yangu alikuja naye kutoka pwani, na msafara. Alifika hapa, akala majani ya masika moja, akafa. Babu alimlilia kuliko alivyomlilia mkewe."

Kisha yule mzee, na kanzu yake safi, alilipanda gunia la chumvi akamwonyesha mtu anavyokaa juu ya farasi, magoti yanavyobana, mgongo unavyonyooka. Wateja wakasimama mlangoni kutazama. Mwalimu wa Picha alipanda meza ya darasa akatuonyesha vile vile, na sketi yake na viatu vyake vya kamba. Tulicheka hadi mwalimu mkuu akaja.

Baada ya hapo farasi wake walikuwa na masikio mafupi na shingo ndefu, wakitisha kidogo, kama wanyama wa ndotoni. Na chini ya kila mmoja, kwa herufi ndogo sana, aliandika: nimekisia.

Neno hilo ndilo lililotufanya tumwamini. Chini ya theluji: nimekisia. Chini ya bahari, chini ya binti wa mtemi mwenye nywele hadi kiunoni: nimekisia. Lakini chini ya mizinga ya nyuki, chini ya ukuta wa boma, chini ya mvua inayokuja kwa upande mmoja wa mbuga hakuandika kitu, maana hivyo aliviona. Baba yangu, aliyekuwa mkulima na mrina asali, hakusoma sana shuleni, lakini alisoma vijitabu vyangu polepole akifuatisha kwa kidole, na jambo hili lilimpendeza mno.

"Mwanamke huyu," alimwambia bibi yangu, "hadanganyi hata kuhusu theluji."

Shujaa tuliyempenda kupita wote alikuwa Shujaa wa Ngao Tupu. Wenzake walikuwa na simba au tai kwenye ngao zao. Yake haikuwa na alama, kwa sababu alisema hajafanya kitu cha kustahili alama. Mbele ya mtemi wake alikula kiapo kimoja tu: hatamwita mtu yeyote mahali ambapo yeye mwenyewe hajasimama. Kiapo hicho kilimletea taabu. Ilibidi ashuke shimoni kabla ya askari wake, avuke mto wa barafu peke yake halafu arudi kuwachukua. Mbeba ngao wake, kijana mchangamfu, alikufa kwa sababu Ngao Tupu alikuwa ameenda mbele kupima daraja. Tuligoma. Tulimwambia Mwalimu wa Picha amfufue. Alikataa, na macho yake yalikuwa mekundu, ilionekana amelia.

Juma hilo hilo mpishi wa shule alifiwa na mtoto. Mwalimu wa Picha alienda msibani, akakaa kidogo, akarudi kumalizia ukurasa. Wanawake walilisema hilo kisimani kwa muda mrefu. Mimi nilimtetea. Nilisema watu wenye kipaji wako hivyo.

Alikuwa mkarimu wa karatasi na bahili wa sifa. Alitukataza kula darasani huku yeye anatafuna michembe mezani, vile viazi vilivyokaushwa, akiviloweka kwenye chai. Alitaka kuambiwa ukweli kuhusu farasi, lakini ukimwambia hadithi imechosha hakusema nawe hadi Ijumaa. Na alikuwa na hamu moja isiyompa usingizi: kitabu. Si karatasi za stensili zilizokunjwa, kitabu chenye mgongo, chenye jalada gumu na rangi, ambacho mtoto wa Kigoma na mtoto wa Singida wangekisoma siku moja. Alituma kazi yake huku na huku. Jibu lilikuwa moja, kwa maneno tofauti: mabwana wa Ulaya ya kale hawana nafasi katika shule za taifa jipya.

Nchi ilikuwa imejitawala, kisha siasa ya ujamaa ikaja, na pamoja nayo wageni wengi shuleni. Mmoja alikuwa ofisa wa kutoka wilayani, mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole. Aliingia darasani kwetu tukiwa na vijitabu mezani. Akachukua changu.

"Mwalimu, hawa ni akina nani?"

"Mashujaa wa farasi, ndugu."

"Na huyu aliyekaa kwenye kiti?"

"Mtemi."

"Watemi tumeshawaondoa."

"Huyu aliondoka zamani zaidi, ndugu. Alikufa."

Tulicheka. Ofisa hakucheka, lakini pia hakukasirika. Akafunua ukurasa mwingine. "Na hawa walioinama na majembe, wenye deraya wakipita?"

"Wakulima."

"Wanamlimia nani?"

Mwalimu wa Picha aliitazama picha. Hakuwa mtu wa kukwepa swali. "Wanamlimia mtemi," akasema.

"Basi unawafundisha watoto wetu ukabaila kwa picha nzuri. Zingekuwa picha mbaya nisingesema neno." Akaniwekea kijitabu changu mezani, taratibu, akatoka.

Tulimwangalia mwalimu wetu tukidhani ataogopa. Uso wake uling'aa. "Mmesikia?" akatuuliza. "Amesema picha nzuri."

Miezi iliyofuata hadithi zilibadilika, na lazima niseme kwa haki kwamba zilibadilika kuwa bora. Wakulima waliokuwa wameinama waliinua vichwa na kupewa maneno. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, alimuuliza Ngao Tupu kwa nini farasi wake anakula mtama wa watu, na shujaa akashuka akasaidia kupalilia. Baba alicheka peke yake kwenye kiti. Ofisa alirudi tena, na mara nyingine tena, na sasa alikaa na Mwalimu wa Picha katika ofisi ya walimu, mlango umefungwa.

Wakati huo habari za kuhamia vijiji vya ujamaa zilikuwa zimefika. Watu wa njia ya misafara walikuwa wakaidi. Babu wa baba yangu alibeba meno ya tembo kutoka hapo hadi pwani na akarudi akachimba kisima, na wasafiri walilipa chumvi kidogo au kipande cha kitambaa ili wanywe. Kisima kilikuwa bado kina maji. Baba hakuona sababu ya kwenda kuishi mbali na kisima cha ukoo wake pamoja na watu asiowajua. Hakuwa mpinzani, aliuliza tu. Alisema, "Niambieni kuna nini huko, nitajua kama niende."

Ndipo kijitabu kipya kikatoka. Safari hii hakikunuka stensili. Kilichapwa mjini, kwa karatasi nyeupe, na kiligawiwa nyumba kwa nyumba. Shujaa wa Ngao Tupu alikuwa amefika kwetu. Alikuja kwa njia ya misafara, juu ya farasi wake, akampakia bibi mmoja nyuma yake, akampeleka hadi kijiji kipya upande wa magharibi. Kulikuwa na nyumba za matofali zimepangwa kwa mstari, zahanati yenye muuguzi mlangoni, na katikati ya kijiji bomba la maji. Mtoto alikuwa ameinama anakinga maji kwa viganja. Alikuwa mdogo wangu Pio. Mwalimu wa Picha alimchora yeye hasa, na pengo lake la meno na kaptula yake yenye kiraka. Pio alitembea na kijitabu hicho kifuani. Aliwaonyesha mbuzi.

Katika chumba cha mwisho Ngao Tupu amesimama karibu na bomba na anawaita watu: Njooni.

Jioni moja Mwalimu wa Picha alipita kwetu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akampa bibi shikamoo, bibi akamwitikia na kumsogezea kigoda. Baba alimletea asali kwenye kibakuli. Mazungumzo yalizunguka kwenye mvua na nyuki, kisha baba akaleta kijitabu.

"Mwalimu, nimekitazama hiki chumba kwa chumba. Chini ya farasi umeandika kama kawaida yako. Chini ya bomba hukuandika kitu."

"Ndiyo, baba Skola."

"Hukukisia."

"Sikukisia. Nilikwenda kwa baiskeli, nimepaona."

Bibi, ambaye hakuwa akijua kusoma, aliweka mkono kwenye goti la mgeni. "Umepaona kwa macho yako, mwanangu?"

"Kwa macho yangu, bibi."

"Basi," baba akasema. Alifunga kijitabu. "Yatosha."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimemkumbatia Pio, na nilijivuna kuwa mwalimu wangu mimi ndiye aliyemaliza ubishi ule. Mwalimu wa Picha alilamba asali iliyobaki kwenye kijiko, akashukuru, akapanda baiskeli akaondoka. Hakuwa amegusa picha ile hata mara moja, wala kumtazama Pio.

Baba alipokubali, majirani waliokuwa wakimtazama yeye walikubali pia. Lori lilikuja baada ya mavuno. Vijana waliokuja na lori waling'oa paa letu nyuma yetu ili tusirudi. Niliona boriti zikianguka ndani ya chumba nilichozaliwa.

Mahali tulipoteremshwa palikuwa na visiki. Visiki na vigingi vya kupimia viwanja, na kamba. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na mlango wa zahanati, hapakuwa na bomba. Baba alizunguka eneo lote akiwa amebeba kijitabu mkononi, kama mtu aliyepotea mjini na ana ramani. Kisha akamwendea ofisa.

"Maji yako wapi?"

"Yanakuja, ndugu. Kila kitu kinakuja. Tuanze na nyumba."

Maji yaliyokuwapo yalikuwa ya lambo la ng'ombe, mwendo mrefu upande wa magharibi. Mama aliyachuja kwa kanga na kuyachemsha siku alizopata kuni na nafasi. Mvua zilipoanza, watoto walianza kuhara. Pio aliugua kwa siku chache tu. Alikuwa mwepesi tangu mwanzo, na mwishoni baba alimbeba kwa mkono mmoja. Tulimzika kati ya visiki, maana makaburi ya ukoo yalibaki kule kwenye kisima.

Nataka kuwa wa haki. Kijiji kile kipo hadi leo. Bomba lilikuja, miaka kadhaa baadaye. Zahanati ipo na shule ipo, na watoto waliozaliwa huko wanapaita kwao. Siandiki haya kubishana juu ya siasa ya wakati ule. Naandika juu ya mtu mmoja aliyeulizwa swali uani kwetu.

Yeye hakuhamia. Kabla ya lori kuja alikuwa ameshapata uhamisho kwenda mjini. Hakuja kwenye maziko, wala hakutuma salamu. Usiku wa matanga bibi alisema kile ambacho wengine walikuwa wanakitafuna kimya: "Alisema amepaona."

"Walimdanganya, mama," baba akamjibu. "Walimpeleka kijiji kingine chenye bomba, wakamwambia ndicho hiki. Yeye angejuaje?"

Hilo likawa neno la nyumba yetu. Walimdanganya. Baba alilirudia kila jina la Mwalimu wa Picha lilipotajwa, na alilirudia kwa juhudi, kama anayekandika ukuta unaopasuka. Alirudi kwenye mizinga yake alipoweza, akazeeka, akafa akiamini hivyo. Mimi pia niliamini. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilichora ubaoni kwa vyumba na mapovu kama yeye, na wenzangu waliponiuliza nilijifunza wapi, niliwaambia kwa fahari kuhusu mwanamke aliyeandika "nimekisia" chini ya theluji. Mtu aliyetusaliti alikuwa ofisa. Mwalimu wangu alikuwa amesalitiwa pamoja nasi. Ilikuwa faraja kubwa kumpa nafasi upande wetu.

Nilikuwa nafundisha Nzega kitabu kilipofika. Kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya shule, kati ya hesabu na kilimo bora. Jalada gumu, mgongo wa kitambaa, rangi. Shujaa wa Ngao Tupu juu ya farasi, na chini yake jina la Mwalimu wa Picha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo nikakisoma hadi mwisho. Kilikuwa kizuri. Ningependa kusema vingine, lakini kilikuwa kizuri kuliko vijitabu vyote vya utotoni mwangu: daraja la mbao, mama mwenye mtoto mgongoni, kifo cha mbeba ngao katika vyumba vinavyozidi kuwa vidogo. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikatazama ukurasa wa mbele kuona kilichapwa lini. Kilichapwa ndani ya mwaka ule ule tuliohamishwa.

Nilijiambia haina maana. Watoto wa darasa langu walikipenda sana. Lakini kuanzia hapo neno la baba lilianza kunisumbua, na siku moja likizo nilipokwenda Tabora niliuliza yuko wapi.

Alikuwa anaishi upande wa Kipalapala, nje ya mji, katika nyumba ndogo ya ndugu zake wakulima. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, kwa hiyo nilimbebea kipande cha sabuni na sukari kwenye karatasi. Nilimkuta alasiri, amekaa barazani anachambua mchicha karibu kabisa na uso, maana macho yalikuwa yanaingia ukungu.

"Hodi hapa. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Skola. Binti wa mrina asali, kule kwenye njia ya misafara."

Mikono yake ilisimama juu ya mchicha. "Skola wa masikio," akasema. "Kaa."

Nilikaa. Alinusa sabuni, akashukuru, akauliza mama, akauliza baba. Nilimwambia baba hayupo. Akatikisa kichwa. Sikuwa na ujuzi wa kuzunguka, yeye mwenyewe alitulea hivyo, kwa hiyo nilisema:

"Mwalimu, nimekuja kukuuliza jambo moja. Kabla hujachora kile kijiji kipya, walikupeleka wapi?"

"Akina nani?"

"Wale wa wilayani. Baba alisema walikuonyesha kijiji kingine, wakakuambia ndicho chetu."

Nilikuwa nimemfungulia mlango. Alichotakiwa ni kuitikia tu. Ningekunywa chai yake, ningepanda basi la Nzega, na ningeendelea kumpenda.

"Hapana," akasema. "Hakuna aliyenipeleka. Nilikwenda mwenyewe na baiskeli, kama nilivyomwambia baba yako. Palikuwa na visiki. Palikuwa na mtu mmoja anapima kwa kamba. Nilimuuliza maji yako wapi, akanionyesha upande kwa kidevu, mbali. Nikarudi."

"Ukachora bomba."

"Nikachora bomba."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu. Nilisikia sauti yangu ikiuliza kwa nini, na ilikuwa sauti ya mtoto wa darasa la nne.

"Walisema wangenichapia kitabu," akasema. "Nikiwafanyia kile kidogo, wangenichapia kikubwa. Na walinichapia. Katika hilo walisema kweli."

"Baba alikuuliza. Bibi alikushika goti."

"Mngehama tu, Skola. Kama si kwa picha, kwa lori."

"Tungehama tukijua. Baba angemwacha Pio kwa shangazi mjini. Aliliwaza hilo, Mwalimu, shangazi alimwomba. Akasema hapana, huko kuna bomba, kuna zahanati, mtoto atakaa na mama yake."

Aliokota jani la mchicha, akalitazama, akaliweka upande wa majani mabovu, na lilikuwa jani zima.

"Nilisikia habari za mtoto," akasema hatimaye.

"Hukuja."

"Ningekuja kusema nini?"

Sidhani alingoja jibu. Hakuomba msamaha. Nimefikiri mara nyingi kama angeomba ningempa, sijui. Nilikuwa natafuta namna ya kuaga pale aliponigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike uso wake ulikuwa na uhai.

"Unafundisha wapi siku hizi?"

"Nzega."

"Kitabu kipo huko?"

"Kipo."

"Watoto wanakisoma?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na Mungu anajua alistahili kulisikia. Lakini alikuwa mwalimu wangu, na swali lilikuwa la ualimu.

"Wanakigombania," nikasema. "Tumeushona mgongo kwa uzi, na bado kurasa zinatoka."

Akatabasamu. Sikuwa nimewahi kuona tabasamu kama lile usoni mwake, pana, la mtu aliyeshiba. Akaweka ungo wa mchicha chini, akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Zinatoka zipi kwanza?"

"Sijui, Mwalimu."

"Lazima ni za daraja. Ni za daraja? Pale nilihangaika. Ilibidi maji yaonekane ni baridi, na nina wino mweusi tu na ile rangi moja ya buluu. Nikasema, nisiyachore maji, nichore miguu ya farasi inavyokataa..." Mikono yake iliinuka, ikaanza kuchora hewani, goti la farasi, ukwato, ubao unaopasuka. Mikono ilikuwa bado haitetemeki.

Nilichukua mkoba wangu nikasimama. Nilimwambia kwaheri. Nilipofika barabarani nilimsikia bado anaeleza.